Kurasa Mbili za Kofia Moja

Shangazi Mwanashee hushona kofia kwa miezi minne,
tundu baada ya tundu, uzi mweupe juu ya weupe,
yeye na wenziwe kumi, Mkomani na Langoni,
kila mmoja dirishani kwake.
Mimi nashona tovuti.
Yeye huiita "baraza yako isiyo na mawe".

"Wangapi walipita mwezi huu?"
"Mia tisa."
"Na walioagiza?"
"Ishirini na wawili."
"Wengine je?"
"Walitazama, wakaenda zao."
Akakata uzi kwa meno. "Basi hukuwakaribisha."

Usiku ule, umeme uliporudi,
nikaitoboa baraza milango miwili.
Mgeni hachagui. Bahati humshika mkono,
huyu kulia, huyu kushoto,
wala hajui kwamba mwenzake kaingia kwingine.
Picha ileile, bei ileile,
kitufe kilekile cha kijani: Nunua.
Tofauti ni sentensi moja.
Kushoto niliandika: Kofia hii hushonwa kwa miezi minne.
Kulia nilinyamaza.
(Mgonjwa akinywa dawa mbili kwa mkupuo,
akipona hajui amshukuru mganga yupi.)

Moyoni nilikuwa nimeshaweka dau: kimya kitashinda.
Nani atanunua subira kwa dola sitini?

Siku ya tatu: kulia saba, kushoto mmoja.
Nikapanda ngazi mbio, simu mkononi,
niufunge ule mlango wa kushoto mbele yake.
Hakuinua mato.
"Kofia ya siku tatu ni nini?"
"Haijawa kofia."
"Ni kitambaa kina matundu. Ngoja kwanda."

Nikangoja. Si kwa hekima; kwa kumwogopa.
Wiki nane.
Niliapa sitachungulia, nikachungulia msalani,
nikachungulia nikisubiri mahamri,
hesabu ikiyumba
kama punda aliyepakiwa mawe upande mmoja.

Mwisho wakatimia, mia tisa kila mlango.
Kulia: thelathini na mmoja.
Kushoto: kumi na tisa.
Nilicheka peke yangu. Nikajipikia chai ya tangawizi,
nikatia sukari ya mshindi, vijiko vinne.

Kisha barua zikaanza.
Harusi ni Jumamosi, kofia iko wapi?
Nilidhani mnazo, zimekunjwa tayari.
Nirudishieni pesa yangu.
Wa kulia, mmoja mmoja, walirudi mlangoni
wamekinga mikono,
hata wakasalia kumi na mmoja.
Wa kushoto niliwahesabu usiku,
nikalala, nikaamka, nikawahesabu tena:
kumi na tisa.
Mmoja wao alikuwa ameshafariki, huko Salala.
Mjane wake aliandika:
Msiiache kuishona. Ataivaa mwanawe.

Najua. Idadi ni ndogo.
Mtaalamu angeniambia bado, ongeza wageni,
usipige mbiu kwa watu thelathini.
Lakini miezi yote ile
mimi nilikuwa nikihesabu vidole vinavyobonyeza,
shangazi akihesabu vichwa.

Nikamsomea barua ya mjane.
Alinyamaza, akaulowesha uzi kwa ulimi,
akalikosa tundu la sindano, akalikosa tena,
akalipata.
"Na tukiandika jina la aliyeshona?"
"Huenda likasaidia. Huenda likaharibu."
"Tujaribu."
Nikafungua kompyuta. Alikuwa bado ananitazama.
"Kwa wageni wangapi?"